Skrubu, probu au pipeti: ipi ya kusikilizia ubongo wa panya?

Ukimpigia panya sauti fupi, ya milisekunde 50 tu, baada ya kama milisekunde 10 mpaka 20 umeme unaanza kuchezacheza kwenye gamba la kusikia, lile eneo la ubavuni mwa ubongo. Hapo hamna ubishi. Ubishi unaanza pale unapotaka kuusoma huo umeme, manake sauti ni ileile na panya ni yuleyule, ila mwenye skrubu atakuletea mchoro wa mawimbi matatu manne, mwenye sindano ya tangsteni atakuletea vinukta vya spaiki (ile mipigo mifupi ya umeme ambayo seli inatoa), mwenye pipeti ya kioo atakuletea milivolti za seli moja iliyomtoa jasho tangu asubuhi, na wote watatu wanasema wamepima mwitikio wa gamba la kusikia. Na kweli wamepima.

Kwaiyo mtu akiniuliza njia ipi ni bora, mimi siku hizi sijibu. Namuuliza kwanza unataka kujua nini, alafu ndo tunaongea vifaa. Wengi hilo swali linawaudhi kwasababu wameshapenda kifaa tayari, wameona picha nzuri ya probu, yaani ufito mwembamba wenye pointi nyingi za kurekodi, yenye mamia ya chaneli na moyo umeshaenda. Sawa, ila kuna jambo jingine nitalirudia mpaka mnichoke: hali ya mnyama, yaani amelazwa na dawa gani, au yuko macho, au anakimbia kwenye gurudumu, inaweza kukubadilishia majibu kuliko hata elektrodi yenyewe. Watu wanatumia miezi kuchagua elektrodi na dakika tano kuchagua dawa ya usingizi.

Kabla ya yote tuweke pembeni ABR, yaani mwitikio wa shina la ubongo kwa sauti. Hii unaipata kwa sindano tatu ndogo chini ya ngozi ya kichwa, panya akiwa amelala, unapiga kliki mamia ya mara unachukua wastani, unaona vilima vitano hivi ndani ya milisekunde 10 za kwanza. Ni mshipa wa kusikia na shina la ubongo hivyo, sio gamba. Nimeshaona mtu anaandika pendekezo la utafiti wa gamba zima kwa kutumia ABR, na kosa lenyewe ni rahisi kulifanya kwasababu elektrodi ziko juu ya kichwa na unadhani zinasoma kilicho chini yake. Ila usiitupe, ifanye kwa kila panya kabla ya kitu kingine chochote, ukijua masikio yanafanya kazi hutajiuliza baadae kama gamba limekaa kimya kwa sababu ya ugonjwa unaouchunguza au kwa sababu mnyama ni kiziwi.

Sasa tuanze na skrubu. Hii ndo njia ya kizamani na bado ina heshima yake. Unatoboa fuvu kidogo bila kugusa ubongo, unafunga kiskrubu cha chuma kisichoshika kutu juu ya eneo la kusikia, kingine cha rejea mara nyingi juu ya serebela, yaani ubongo wa nyuma, unaziba na simenti ya meno, unamwacha panya apone. Siku kadhaa baadae unamwekea sauti akiwa macho anatembea zake, unachukua wastani wa majibu mia au zaidi (kelele inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwaiyo majibu 100 yanakupunguzia kelele mara 10, ukitaka mara 20 andaa 400), na unapata mawimbi: kilima cha kwanza kwenye milisekunde 20 hivi, bonde kwenye 40 hivi, kilima kingine karibu na 80 au zaidi. Ukilinganisha na binadamu ambaye yeye ana 50, 100 na 200, unaona ni hadithi ileile iliyoharakishwa.

Na hapo ndo thamani yake ilipo. Kama swali lako limetoka kwa wagonjwa, mfano watu wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, ambao mawimbi ya 40 kwa sekunde hayafuati sauti vizuri, au panya wasio na jeni ya Fmr1 ambao gamba lao linaitikia sauti kwa nguvu kupita kiasi, basi skrubu ndo lugha moja na EEG, kile kipimo cha mawimbi ya ubongo cha hospitali. Mtu wa probu akija na spaiki zake itabidi atafsiri. Skrubu pia inakaa miezi, unaweza kumpima panya yuleyule kabla ya dawa, baada ya dawa, akiwa kijana na akiwa mzee, na hilo linapunguza idadi ya wanyama unaowahitaji, kitu ambacho kamati yoyote ya maadili itakuuliza tangu Russell na Burch waandike kanuni zao tatu (tumia njia nyingine badala ya mnyama, punguza idadi, punguza mateso) mwaka 1959.

Ubaya wake? Ni kama kusikiliza mvua juu ya bati. Unajua imeanza saa ngapi, unajua ni kubwa au ndogo, ila usiniambie tone lipi limeanguka wapi. Wimbi likipungua huwezi kusema kama seli zimetoa spaiki chache, au zimetoa zilezile ila hazikwenda pamoja, au ni tabaka moja tu limebadilika. Alafu kuna msuli wa kutafunia uko hapohapo juu ya eneo la kusikia, panya akitafuna au akishtuka unarekodi msuli. Kwa panya mdogo (yule wa Kiingereza mouse, mkubwa ndo rat) wa gramu 25 hata kuweka skrubu mbili zisigongane na msuli ni kazi ya sonara.

Ukishuka chini ya mfupa mambo yanabadilika. Ukiingiza elektrodi nyembamba ndani ya gamba lenyewe unapata vitu viwili kwenye waya mmoja, na hili watu wageni huwa hawalijui. Chuja umeme uliopo chini ya hezi 300 unapata LFP, yaani volteji ya jirani, ambayo kwa sehemu kubwa ni mikondo inayoingia kwenye seli kupitia sinapsi, yaani maungio ya seli na seli. Chuja juu ya hapo, kati ya 300 na elfu kadhaa, unapata spaiki, yaani kile ambacho seli zinakitoa. Moja ni barua zinazoingia na nyingine ni barua zinazotoka. Kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu LFP inasikia umbali gani, wapo wanaosema robo milimita, wapo wanaosema milimita kadhaa, na mimi naegemea kwa hao wa pili kwa tahadhari, kwasababu ukiwa kwenye eneo la sauti nene bado utaona LFP inajibu sauti nyembamba, wakati spaiki za hapohapo ziko kimya. Kwaiyo ukichora ramani ya masafa kwa LFP peke yake utapata ramani iliyolowa maji.

Sindano moja ya tangsteni ni rahisi, ni ngumu kuvunjika, na ndo imechora nyingi ya ramani tunazozijua. Unashuka nayo sehemu moja, unapiga toni za masafa tofauti na nguvu tofauti, unapata umbo la V: chini kabisa ya V ndo masafa ambayo sehemu hiyo inayasikia kwa sauti ndogo kuliko zote. Unatoa, unasogea robo milimita, unarudia. Mara 40, mara 60. Jioni una ramani ambapo eneo la msingi linatoka masafa ya chini nyuma kwenda ya juu mbele, alafu ukivuka mpaka kuingia eneo la mbele ramani inageuka kama kwenye kioo. Huo mgeuko ndo unaokuambia umevuka mpaka, hakuna alama nyingine juu ya ubongo ya kuitegemea, mishipa ya damu inatofautiana kwa kila mnyama.

Tatizo la sindano moja ni la kibinadamu zaidi kuliko la kifundi. Unashuka taratibu unasikiliza kwenye spika, ukisikia seli inapiga kelele unasimama, ukiwa na seli iliyokaa kimya unaipita tu hata hujui ipo. Mwisho wa mwaka data yako yote ni ya seli zenye kelele. Hromádka, DeWeese na Zador walipotumia pipeti zinazogusa seli bila kuchagua zenye kelele, kwa panya walio macho, walichoripoti 2008 kilikuwa hiki: kwa wakati wowote ule chini ya asilimia 5 ya seli ndo zinapiga kwa kasi kubwa, ya zaidi ya spaiki 20 kwa sekunde. Wengi wamekaa. Sasa jiulize zile ramani zetu zimechorwa na nani.

Probu ya silikoni ndo naipa kura kwa mtu anayeanza. Sio ile kubwa, hii ya kawaida ya pointi 16 au 32 kwenye mstari mmoja. Chukua ya pointi 16 zilizoachana mikromita 100, inakufunika milimita 1.5, inatosha gamba zima la panya mkubwa kutoka juu mpaka chini. Ukiiingiza wima kabisa kwenye uso wa gamba, unaweza kufanya hesabu ya CSD, yaani unatazama jinsi LFP inavyopinda kutoka pointi moja kwenda nyingine, na ghafla ule ukungu wa LFP unafunguka: unaona mkondo unaanza kuingia tabaka la 4 na chini ya tabaka la 3 pale waya za talamasi, kituo cha mwisho cha sauti kabla ya gamba, zinapofikia, kingine kidogo mpakani mwa 5 na 6 karibu wakati huohuo, alafu milisekunde chache baadae moto unapanda tabaka la 2 na 3. Ukiona hilo mara ya kwanza kwenye skrini unanyamaza kidogo. Na kwenye pointi zilezile spaiki ziko pale, kwaiyo mtu akikuuliza LFP yako inamaanisha nini unaweza kumuonyesha.

Sharti ni uwe wima. Gamba la kusikia liko ubavuni, limejipinda, kwaiyo probu inatakiwa iingie kutoka upande, msuli umesogezwa, kichwa kimelazwa. Ukiingia kwa mshazari pointi zako zinapita tabaka na masafa kwa pamoja na CSD yako inakuwa ya uongo wenye rangi nzuri.

Na Neuropixels, ile probu kubwa? Najua mnasubiri. Ilitangazwa 2017, ina pointi 960 kwenye ufito wa milimita 10, unarekodi 384 kwa mpigo, na hakuna anayebisha kwamba imebadilisha kazi hii. Ila piga hesabu kidogo. Pointi zimepangwa mbili mbili kila mikromita 20, gamba la panya mdogo ni kama milimita moja, kwaiyo ukiingia wima una pointi kama mia moja tu ndani ya gamba la kusikia, zilizobaki ziko nje hewani au zimepenya chini kwenye hipokampasi. Kama unataka gamba na talamasi na hipokampasi kwa pamoja, hamna mfano wake. Kama unataka gamba la kusikia tu, unalipia nyumba nzima ukalale chumba kimoja. Kuna watu wanaiteremsha kutoka juu ili ifuate gamba kwa urefu, wanapata masafa mengi badala ya tabaka nyingi, ni ujanja mzuri, ila tayari umeshaamua swali lako ni la ramani sio la tabaka. Alafu data, jamani. Chaneli 384 mara sampuli elfu 30 kila sekunde, saa moja tu ni makumi ya gigabaiti, na baada ya hapo kuna kuzipanga spaiki ipi ni ya seli ipi, softiwea inafanya kazi kubwa ila mwisho lazima ukae na macho yako ukague. Kama hamna mtu wa kuandika programu za kompyuta kwenye timu, jipe miezi.

Pipeti, yaani pachi klampu ndani ya mnyama mzima, hii ni dunia nyingine. Unashusha kioo chenye ncha ya mikromita moja mbili, bila kuona, unahisi kwa ukinzani kwamba umegusa seli, unanyonya kidogo, unafungua utando, na sasa uko ndani. Unaona volteji ya seli ikiwa imetulia kwenye minus 65 au 70 hivi, unapiga toni, unaiona inapanda milivolti 10 bila hata kutoa spaiki. Njia nyingine zote zingesema seli hiyo haikusikia kitu! Na ukishika volteji mahali pamoja unaweza kutenganisha mkondo wa kuchochea na mkondo wa kuzuia. Hivyo ndivyo Wehr na Zador walivyoonyesha 2003 kwenye panya kwamba uchochezi na uzuiaji vinakuja kwa masafa yaleyale, uzuiaji ukichelewa milisekunde chache tu, na huo ufa mdogo ndo seli inapata nafasi ya kutoa spaiki moja kwa wakati wake. Hakuna probu ya chaneli elfu itakayokupa hilo. Ila seli mbili tatu kwa siku ni siku nzuri, kila moja inakaa dakika chache au ukibahatika nusu saa, moyo wa panya ukipiga ubongo unacheza na seli inakimbia. Mwalimu anayejua awe karibu, hii haifundishwi kwa video.

Kamera ya kalsiamu naipita haraka kwasababu sio umeme. Inakuonyesha mamia ya seli na ziko wapi hasa, na mwaka 2010 makundi mawili yalitumia njia hii kwa panya wadogo yakaona kwamba ukisogea karibu seli jirani zina masafa tofauti tofauti, ile ramani safi ya masafa inavurugika ukiitazama kwa karibu. Muhimu sana. Ila mwanga wa zile protini zinazowaka seli inapofanya kazi unapanda na kushuka kwa makumi hadi mamia ya milisekunde, kwaiyo kama swali lako ni la nani alianza kuitikia kati ya milisekunde 12 na 15, rudi kwenye umeme.

Sasa usingizi. Hapa ndo nilikuwa nakuja.

Ketamini na zailazini ndo mchanganyiko uliozoeleka, panya analala vizuri na anaamka baadae, majibu ya gamba yanaonekana makubwa na safi. Urethani inamlaza masaa mengi kwa dozi moja au mbili, imetulia, ila haamki tena na yenyewe ni sumu ya kansa kwako wewe unayeichanganya, vaa glavu na fanyia chini ya feni ya kuvuta. Aisofluleni ni ya gesi, unaipandisha na kuishusha kwa kitufe, kwa upasuaji ni tamu kabisa, kwa gamba la kusikia ni balaa, ukiizidisha gamba linakuwa kimya alafu linalipuka alafu kimya tena, na sauti yako ikiangukia kwenye ukimya unapata sifuri. Wengi wanapasua na aisofluleni alafu wanahamia dawa nyingine wakati wa kurekodi, wanasubiri mpaka itoke mwilini.

Mfano wa jinsi dawa inavyokula jibu. Unapiga toni moja mara tisa alafu mara ya kumi unapiga nyingine, unataka kuona ubongo unavyoshtukia ile ya tofauti, kile ambacho Näätänen na wenzake walikieleza kwa binadamu 1978. Kwa binadamu na kwa nyani ukizuia vipokezi vya NMDA (milango fulani ya kupokea ujumbe kwenye seli za ubongo) hilo wimbi la mshtuko linapungua. Ketamini ni nini? Ni kizuizi cha NMDA! Kwaiyo unampa mnyama dawa inayozima hasa kile unachokitafuta alafu unaandika kwamba panya hawana mwitikio huo. Utaona kitu kidogo, ndiyo, kwasababu seli kuzoea toni iliyorudiwa kunaendelea hata usingizini, na hilo ni jambo jingine kabisa, ndo maana lazima uweke na mfululizo wa udhibiti ambao toni zako mbili zimechanganywa na nyingine nyingi, kila moja inakuja mara moja moja, hapo utajua kama seli imeshtuka au imechoka tu.

Mfano mwingine ni kasi. Ukipiga kliki mfululizo kwa panya aliyelazwa, seli nyingi za gamba zinafuata kliki moja moja mpaka kama 10 au 15 kwa sekunde, zaidi ya hapo zinajibu mwanzo tu alafu zinanyamaza. Alafu mwenye skrubu na panya aliye macho anakuja anakuonyesha wimbi linafuata 40 kwa sekunde bila shida. Hapo watu wanagombana, wakati kilichotofautiana ni zaidi ya kimoja: mnyama, usingizi na kifaa. Ukilinganisha matokeo ya watu wawili soma sehemu ya mbinu kwanza, ukurasa wa picha baadae.

Kuwa macho nako kuna bei yake. Unamzoesha panya siku kadhaa kukaa na kichwa kimeshikwa, anakimbia kwenye gurudumu akitaka, na kumbe akikimbia gamba la kusikia linashuka sauti lenyewe. Mooney na wenzake walionyesha 2014 kwamba amri inatoka gamba la mwendo na kupitia seli zinazozuia ndani ya gamba la kusikia, hata kabla mnyama hajaanza kutembea vizuri. Kwaiyo kama hurekodi mwendo wa gurudumu, nusu ya tofauti zako zitakuwa za miguu. Weka hata kamera ya bei ndogo kwenye uso wa mnyama, mboni ya jicho inakuambia mengi.

Mnyama yupi? Panya mkubwa wa gramu 300 ana gamba nene, nafasi ya kutosha, anavumilia upasuaji mrefu, anasikia kuanzia nusu kilohezi hivi kwenda 70 na zaidi. Panya mdogo ndo mwenye jeni za kuchezea, unaweza kuwasha aina moja ya seli kwa mwanga na kujua unasikiliza nani, ila masikio yake yanaanza vizuri kwenye kilohezi 2 na yanakwenda mpaka 85 au zaidi, kwaiyo masafa mengi ya maongezi ya binadamu kwake ni kimya. Na mtego mkubwa: ile aina maarufu ya panya wadogo wa maabara, C57BL/6, ambayo panya wengi waliobadilishwa jeni wametengenezwa juu yake, ina hitilafu kwenye jeni ya Cdh23 inayowafanya wapoteze masafa ya juu wakiwa na miezi michache tu. Ramani ya gamba nayo inajipanga upya kufuata. Ukilinganisha wa miezi 2 na wa miezi 8 unapima uziwi, sio uzee wa gamba. Chukua panya wa aina ya CBA kama unaweza, au zalisha chotara wa kizazi cha kwanza, kwasababu hitilafu hiyo inahitaji nakala mbili. Ukitaka sauti nene kama zetu nenda kwa jebili wa Mongolia, kile kipanya cha jangwani, anasikia mpaka chini ya hezi 200, au simbilisi. Hasara ni kwamba jeni zao bado sio za kuchezea kama za panya mdogo.

Kwaiyo ningechagua hivi. Una mwaka mmoja, shahada ya uzamili, hamna mtaalamu wa pachi jirani: panya mkubwa, urethani, probu ya pointi 16, toni na kliki, utamaliza. Una dawa ya kujaribu kwa ugonjwa wa binadamu: skrubu, panya yuko macho, pima kila wiki. Unauliza kuhusu uzuiaji: pipeti, na usijidanganye kwamba utaupata kwa njia ya mkato. Unauliza kuhusu aina za seli wakati mnyama anafanya kazi aliyofundishwa: panya mdogo, Neuropixels, na rafiki anayejua kuandika programu. Anayetaka vyote kwa pamoja nampa skrubu ya upande mmoja na probu upande mwingine, inawezekana kabisa na inafanyika, ila asianze nayo.

Chochote utakachochagua, spika haikwepeki. Kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida inatoa sampuli elfu 44.1 au 48 kwa sekunde, maana yake juu kabisa ni kilohezi 22 au 24, na panya mdogo hapo ndo anaanza kunoga. Ukitaka kilohezi 80 unahitaji zaidi ya sampuli elfu 160. Toni isianze ghafla, ipandishe kwa milisekunde 5 hivi la sivyo mwanzo wake ni kliki na kliki ina masafa yote, utasema seli inajibu kilohezi 10 kumbe inajibu mgongano. Pima kwa maiki ya kweli pale sikio linapokaa, sio kwa kuamini karatasi ya spika. Na mapigo yako yasiachane kwa nafasi inayogawanyika kamili kwa milisekunde 20 kama umeme wa ukutani ni wa hezi 50, kwasababu mvumo utakuja kwa mguu uleule kila mara na wastani hautaufuta hata ukipiga elfu.

Mwisho ni ile furaha ya uongo: wimbi zuri, kali, linaanza milisekunde 0. Gamba haliwezi kuitikia milisekunde 0. Hilo ni sumaku ya spika imeingia kwenye waya wako. Sogeza spika nyuma sentimita 34, sauti inachelewa milisekunde moja. Kilichosogea kinatoka kwa panya, kilichobaki palepale ni cha waya, na kazi ya jioni hiyo ni kutafuta waya gani.